Piano Lisilokuwa na Kitufe

Walisema sitaweza. Naanza hapo kwa sababu watu wa Tulia wakisimulia mkasa huu huanzia kwenye moshi, kana kwamba mimi niliingia kanisani siku hiyo bila historia. Musembi, mwenye duka la saruji na mabati lililo mkabala na langu, alisema vidole vilivyozoea koleo na nyaya haviwezi kubembeleza kinanda. Shemeji yangu Nzioka alisema mtu wa miaka thelathini na minane hajifunzi muziki, labda aununue. Na Mwalimu Kilonzo, mzee aliyefundisha muziki shule za sekondari hadi akastaafu, alisema maneno mabaya kuliko wote kwa sababu aliyasema kwa upole: "Utaweza, Mutua, lakini si peke yako." Hilo "lakini" nikilikumbuka hadi leo napandwa na hasira.

Niliaibika, nakubali. Niliaibika mbele ya kanisa zima, siku ya mamangu, na video ipo. Ila naomba nieleze mwenyewe, maana hadithi inayozunguka sokoni ina uongo mwingi (kwa mfano, sikulia, ule ulikuwa moshi machoni).

Mimi si mtu wa kuokotwa. Nilitoka Tulia na begi moja lenye zipu mbovu, nikakaa Doha miaka minne nikilinda mlango wa hoteli, na kwa mshahara wangu mwenyewe, bila mjomba wala mbunge, nikajilipia masomo ya diploma ya umeme na elektroniki, nikarudi nikafungua duka la kutengeneza redio na kufunga sola, duka lenye bango la rangi tatu. Diploma iko ukutani, ndani ya fremu, na mteja akiingia lazima aione kabla hajaiona bei. Sasa pale hotelini palikuwa na piano kubwa jeusi, na mtu mmoja mwembamba alikuwa akilipiga kila jioni, hatua tano kutoka mlango wangu. Miaka minne nilimtazama. Nilijua ni kidole kipi kina pete na ni wimbo gani humfanya afumbe macho. Kwa hiyo niliporudi nyumbani na kununua kinanda changu cha umeme, funguo sitini na moja, midundo ya kila namna humo ndani, sikujiona kama mtu anayeanza. Nilijiona kama mtu aliyesoma nadharia yote na kubakiza mtihani wa vitendo.

Hata hivyo kwa heshima nilienda kwa Mwalimu Kilonzo. Alinikalisha, akaangalia mikono yangu kama daktari wa mifugo, akaniambia tutaanza na ngazi za sauti, do re mi, polepole, miezi sita. Akaniambia do si moja. Unaweza kuiweka popote, kwenye ufunguo mweupe au mweusi, na kila mahali unapoiweka vidole vinapita njia tofauti.

"Kila do ni nyumba, Mutua," alisema. "Lazima ujue kuingia kila nyumba, hata usiku stima ikipotea."

"Mwalimu, mimi nyumba moja inanitosha."

"Na wenye kuimba wakiwa nyumba ingine?"

Nilimwambia nitafikiria. Sikufikiria. Nilirudi dukani nikafungua simu, nikatazama watu wakifundisha bure, na ndani ya wiki tatu nikawa nacheza nyimbo kumi na mbili kwa funguo nyeupe peke yake, bila kugusa nyeusi hata moja. Funguo nyeusi niliziona kama vile vitufe vya rimoti ya televisheni ambavyo hakuna mtu anavibonyeza.

Lakini kuna shida moja, na hapa anayetoka mbali anisikilize vizuri, kwa sababu kosa langu lote liko hapa. Kwetu wimbo hauanzi kwa kinanda. Anasimama mama mmoja, anakaza leso yake kiunoni, anaanzisha mahali popote sauti yake ilipoamkia asubuhi hiyo, leo chini, kesho juu, hamuulizi mtu, na wewe mpiga kinanda kazi yako ni kumkimbiza hadi umpate. Huwezi kumwambia ashuke. Ni mama yako, au ni mama wa mwenye nyumba yako. Na mimi nilikuwa na nyumba moja tu.

Ndipo nikagundua kitufe. Kiko upande wa kushoto wa kinanda changu, kidogo kama punje ya ndengu, na kazi yake ni kuhamisha sauti. Ukikibonyeza mara moja, vidole vyako vinakaa pale pale kwenye funguo nyeupe lakini sauti inapanda nusu hatua. Ukibonyeza mara tatu inapanda zaidi. Kinacheza nyumba zote na wewe hujatoka kwenye kiti. Mama anaanzisha, nabonyeza moja, mbili, tatu huku nikitingisha kichwa kama mtu aliyeguswa na roho, nampata, kanisa linaitikia. Nilisema moyoni, kwani Mwalimu Kilonzo alitaka kuninyima miezi sita ya maisha yangu kwa ajili ya kazi inayofanywa na kitufe?

Nilipiga harusi Makindu. Nilipiga changizo Ikutha, wakanishangilia, wakanipa na mbuzi. Mwaka mzima hakuna aliyejua. Musembi mwenyewe alivuka barabara akaja akasema, "Kumbe hizo vidole ziko na akili," na mimi nikamjibu kwamba diploma haibagui kiungo cha mwili. Niliridhika sana na jibu hilo. Nililirudia kwa wateja.

Sasa tuje kwa Mwaitu. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na kwetu kanisani watu wote humwita hivyo, hata wazee wanaomzidi umri, kwa sababu ameongoza kwaya ya kina mama tangu nikiwa darasa la pili. Mwaka huu aliamua kupumzika na kumkabidhi kwaya Bi Syombua, na kina mama wana desturi yao ya kukabidhi. Anayetoka anaanzisha wimbo wa kwaya, ule waliotunga wenyewe mwaka mvua ilipokataa kabisa, anauimba beti mbili, kisha kwenye ubeti wa tatu, pale wimbo unapopanda juu sana, anapanda nao peke yake, na akifika kule juu anayeingia anaupokea bila wimbo kukatika. Wimbo haukatiki. Hilo ndilo jambo lenyewe. Ukikatika mikononi mwako ni kama umemwaga maji mbele ya mtu aliyekuja kuyateka. Mwaitu aliupokea hivyo kwa aliyemtangulia, na kwa miezi miwili alikuwa akiuimba jikoni, kwenye shamba la kunde, akinywa chai. Nilimsikia. Hakutaka kitu kingine siku hiyo, si keki, si zawadi.

"Tutaimba vile huwa tunaimba," aliniambia. "Makofi na kayamba."

"Mwaitu, mtoto wako anapiga kinanda wilaya mbili na wewe unaagwa na kayamba? Watu watasema nini?"

"Watasema tuliimba."

Niliomba mimi. Naandika hivyo ili isije ikasemwa nililazimishwa. Nilimsihi wiki nzima, akakubali kwa kuchoka.

Na kwa kuwa niliamua siku hiyo iwe ya kukumbukwa (imekumbukwa), nikaazima vitu. Spika kubwa mbili niliazima kwa vijana wa kanisa la Ikutha walionishangilia. Jenereta niliazima kwa Musembi, kwa sababu stima ya Tulia ina tabia zake. Koti jeusi niliazima kwa shemeji Nzioka, koti la harusi yake, lenye kola inayong'aa. Kila mmoja nilimwambia, "Jumatatu asubuhi nakurudishia."

Jumapili yenyewe kanisa lilijaa hadi watu wakasimama madirishani. Kina mama walivaa sare ya bluu. Mwaitu alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani, amekaa mbele, mikono mapajani, midomo ikitembea kidogo. Pasta akahubiri, matangazo yakasomwa, na dakika tano kabla ya kukabidhi stima ikapotea, kama nilivyotabiri. Sikushtuka. Nilitoka nje na koti langu la kuazima nikawasha jenereta.

Jenereta ile ilikuwa inakohoa. Inaunguruma, inazima pumzi, inaunguruma. Mtu mwingine angeiacha ikohoe. Mimi nina diploma. Nikatoa bisibisi, nikakaza skurubu ya mwendo ili injini itulie, ikatulia kweli, ikaimba vizuri sana, na mimi nikaingia ndani bila kupima volti zilizopanda pamoja na mwendo, ingawa kipimo kilikuwa mfukoni mwangu (kipo hata sasa ninapoandika, kinaniangalia). Nikaketi. Nikachomeka plagi. Kulisikika kishindo kidogo, kama mtu amekanyaga chupa ya plastiki, kisha spika ya kulia ikatoa moshi, ya kushoto ikaifuata, taa ndogo nyekundu ya kinanda changu ikawaka kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona, halafu ikafa. Cheche moja ikaruka ikatua kwenye mkono wa koti la Nzioka. Nilikaa pale nikinusa plastiki iliyoungua, na nikisikia nyuma yangu sauti ya Musembi ikimuuliza jirani yake, "Hiyo ni sehemu ya wimbo?"

Wakati huo ningeweza kuokoka. Pasta alikuja, akaniwekea mkono begani, akasema, "Ndugu, wacha tu, kina mama wataimba na makofi." Mwaitu alikuwa ameshaanza kuinuka. Kayamba ilikuwa tayari. Ningesema "sawa, Pasta," neno moja na nusu, na leo ningekuwa mtu mwingine.

Lakini nilikuwa nimetoka jasho, na watu walikuwa wananitazama, na macho yangu yakaangukia kona ya kushoto ya kanisa. Kuna piano pale, la mbao, la wamishonari wa zamani. Wazee husema liliteremshwa kwenye treni Makindu likaletwa kwa lori, na tangu nikiwa mtoto sijawahi kuliona likifanya kazi nyingine isipokuwa kubeba maua na mavuno ya shukrani, maboga na mahindi juu yake, na kitambaa cha kufuma. Nikainuka.

"Hapana, Pasta," nikasema, tena kwa sauti ya kusikika hadi madirishani. "Kuna piano. Piano halitaki stima."

Makofi yalipigwa. Hayo makofi ndiyo nayalaumu kuliko kitu chochote. Wanaume wawili waliondoa maua na boga, nikakunja mikono ya koti nikiificha ile sehemu iliyoungua, nikafunua kifuniko, na funguo zikawa zile zile, nyeupe na nyeusi, zimegeuka rangi ya meno ya mzee lakini mpangilio ule ule. Nikabonyeza moja. Ikalia vizuri, kubwa, tamu. Nikamtazama Mwalimu Kilonzo aliyekaa safu ya tatu na fimbo yake, nikampa tabasamu. Hakurudisha.

Mwaitu akasimama. Akafumba macho. Akaanzisha.

Aliuanzisha chini kidogo, mahali pazuri, mahali mama wa miaka sabini na mbili anapaswa kuanzishia wimbo unaopanda. Mkono wangu wa kushoto ukaenda wenyewe, kwa mazoea ya mwaka mzima, upande wa kushoto wa piano, kutafuta kitufe.

Hapakuwa na kitufe. Palikuwa na ubao.

Najua mnacheka. Lakini mtu mwenye akili zake atengeneze chombo kikubwa kama kabati, chenye mbao za kutosha kujenga kitanda, aweke nafasi ya kuwekea maboga, na asiweke kitufe kimoja? Nilipapasa upande. Nilipapasa chini ya ubao. Nikainama nikapapasa karibu na magoti, nikakuta utando wa buibui na kipande cha chaki, na huku nikiinama nikamsikia mama mmoja wa kwaya akinong'ona, "Amepoteza nini?"

Mwaitu alikuwa anamaliza mstari wa pili. Lazima nipige kitu. Nikapiga nyumba yangu, ile moja. Ilikuwa kama milango miwili imegongana. Kina mama wakageuka wote pamoja. Nikajiambia, sogea, ni kusogea tu, kwani kitufe hufanya nini zaidi ya kusogeza? Nikahamisha vidole vyote ufunguo mmoja kulia, mpangilio ule ule, nyeupe tupu, na wimbo wa kushukuru mvua ukageuka papo hapo kuwa wa matanga. Nawaapia. Mzee mmoja karibu na mlango alivua kofia. Nikasogea tena, ukawa wa matanga ya mtu mwingine. Nikajaribu nyeusi, zile ambazo sikuwahi kuzigusa maishani mwangu, na hapo hata watoto wachanga walinyamaza.

Mwaitu akanyamaza pia. Alifanya hivyo kwa utaratibu, mwisho wa mstari, kama mtu anayeweka kikapu chini ili akishike vizuri. Akafumbua macho.

"Mutua," akasema, si kwa hasira, "uko wapi?"

"Niko hapa, Mwaitu."

"Pigia mimi hapo uko."

Nikapiga do yangu. Aliisikiliza, akaivumisha puani.

"Basi nitakuja huko."

Na akaja. Mamangu aliacha mahali pake akaja kwangu, juu sana kuliko pale alipoanzia, akaanza upya, na mimi nikapiga kwa furaha, vidole vikikimbia, nikitingisha kichwa, mjinga mimi, nikidhani nimeokoka. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita, ingawa niliona shingo yake imekaza na Bi Syombua amemkazia macho. Ukafika wa tatu, unapopanda, na aliupanda peke yake kama desturi inavyotaka, kutoka juu kwenda juu zaidi, kwa sababu yangu, na kule kileleni, neno moja kabla ya kukabidhi, sauti ikakatika. Haikuteleza wala haikutetemeka. Ilikatika kama uzi, na mdomo wake ukabaki wazi bila kitu ndani yake.

Wimbo ukakatika.

Sasa mtu wa maana angefanya nini? Angeomba msamaha. Mimi nilisimama, nikageukia kanisa, nikasema, "Hili piano limekufa. Limeliwa na panya. Nyuzi zake zimelegea, sauti zake si za kweli, hata mtaalamu kutoka ng'ambo hawezi kulipiga." Nikafunga kifuniko kwa kishindo, kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa.

Nikasikia fimbo. Tok, tok, tok. Mwalimu Kilonzo alikuja mbele taratibu, akanisukuma kidogo na kiwiko kama mtu anayesukuma mbuzi kutoka kwenye ngazi, akaketi, akafunua.

"Nyuzi zake nilizikaza Desemba," alisema, akiangalia funguo, si mimi. "Huzikaza kila Desemba. Mwaitu, wewe ulikuwa wapi pale mwanzo? Nionyeshe."

Mwaitu hakuwa na sauti ya kumwonyesha. Akavumisha tu, chini, mahali pake pa kwanza. Mikono ya yule mzee ikaenda juu ya nyeusi, nyeusi nne na nyeupe chache, ikaingia pale alipo kama mtu anaingia kwake na funguo mfukoni. Akapiga ubeti mzima peke yake ili mamangu apumzike. Kisha kina mama wakaanza kuimba, wote, wakimzunguka Mwaitu, na ubeti wa tatu ulipofika Bi Syombua hakungoja kileleni. Alimshika mkono, wakapanda pamoja, wakakabidhiana wakiwa wawili, jambo ambalo halijawahi kufanyika, na kanisa likasimama. Mimi nilikuwa nimesimama tayari. Sikuwa na pa kuketi.

Video ilikuwa kwenye simu za Tulia nzima kabla sijafika nyumbani. Kuna binti mmoja ameiwekea maneno, sitayarudia. Watu wazima, wazazi, watu niliowafungia sola kwa bei ya kirafiki, walikuwa wakipita mbele ya duka wakipapasa ukuta upande wa kushoto. Nzioka aliniuliza koti liko wapi, nikamwambia liko kwa dobi. Vijana wa Ikutha walipiga simu kuulizia spika, nikawaambia zinafanyiwa huduma. Musembi hakuuliza jenereta. Alikaa tu kwenye kiti chake mkabala, akinitazama, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mamangu alinikasirikia kwa namna yake. Jumatano aliniletea uji dukani, akaniangalia nikinywa.

"Miaka hiyo yote," akasema, "sijawahi kuacha wimbo nimfuate mtu. Jumapili nilikufuata."

"Mwaitu, kitufe..."

"Mimi sijui kitufe. Nilikuita mahali niko, hukuja."

Alichukua kikombe akaenda. Jioni hiyo, kabla jua halijazama, nilifunga duka nikaenda kwa Mwalimu Kilonzo. Nilitarajia aniambie, "Nilikwambia." Aliniuliza kama nimekula, kisha akasema, "Leta hicho kinanda ukikitengeneza. Na kitufe utoe." Nilibisha. Nikamweleza, kama fundi, kwamba huwezi kutoa sehemu ya mashine nzima. Akasema basi nisilete.

Nilikitoa. Nilikata waya wake mwenyewe, nikaziba tundu kwa gundi nyeusi. Na miezi saba (aliongeza mmoja, wa kiburi changu, alisema) nilikaa kwenye kiti kile nikijifunza do re mi kama mtoto wa chekechea, mimi mwenye diploma, nikipigwa fimbo ndogo kwenye vifundo kila nikikimbilia nyeupe. "Usiguse kitu kabla hujasikia mtu yuko wapi," ndilo somo alilorudia hadi nikaliota. Wakati huo huo nilikuwa nikitengeneza spika kwa mikono yangu, kipande kwa kipande, kingine nilikifuata hadi Kitui mjini, na injini ya Musembi niliifungua yote nikaisafisha hadi ikaacha kukohoa bila mtu kugusa skurubu.

Kisha Jumamosi moja nilikodi pikapu nikarudisha kila kitu siku moja. Nilianzia Ikutha. Vijana walizijaribu spika mbele yangu, kwa sauti ya kutisha kuku, na mmoja akasema zimekuwa bora kuliko mwanzo, jambo nililolijua. Nzioka alilishika koti, akalipeleka kwenye mwanga, akatazama mkono wa kulia ambapo fundi wangu wa nguo alikuwa amefuma wiki nzima.

"Shemeji, hapa palikuwa na kitu?"

"Palikuwa na koti," nikamwambia. Kisha nikamweleza ukweli, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Alicheka hadi akakaa chini.

Musembi aliwasha jenereta, akaisikiliza, akaizima. "Imepona," akasema. "Na wewe?"

Nikapanda tena kwenye pikapu. Nilikuwa na mmoja amebaki.

Mwaitu alikuwa nje ya nyumba akichagua ndengu kwenye ungo. Nilishusha kinanda, nikakiweka juu ya stuli mbili, nikakiunganisha na betri ya sola (nikapima volti mara mbili). Aliangalia lile tundu lililozibwa kwa gundi. Aliendelea kuokota mawe kwenye ndengu, akiyatupa moja moja, na bila kuniangalia, bila kusema anaanza, akaanzisha wimbo ule, mahali ambapo mtu mwenye huruma hawezi kuanzishia, katikati kabisa ya funguo nyeusi.

Mikono yangu ilitaka kukimbia. Niliikalia. Nilisikiliza mstari wa kwanza, nikasikiliza wa pili, nikamwona yuko wapi, kisha nikaingia. Nilimkuta. Ubeti wa kwanza, wa pili, na kwenye wa tatu alipanda, polepole, na mimi chini yake, na kule juu sauti ilikuwa nyembamba lakini ilikuwepo, ikavuka, ikashuka upande wa pili. Wimbo haukukatika.

Akapeta ndengu mara moja, pumba zikaruka.

"Umechelewa mistari miwili," akasema. "Lakini leo umekuja wewe."

Nimeapa, na naiandika hapa ili Musembi aisome: sitaanza tena kugusa kitu kabla sijasikia mtu yuko wapi, na mwenye ile video aifute, kwa sababu deni nimelipa kwa wote wanne. Nilitaka kumwambia Mwaitu hivyo pia. Sikupata nafasi, kwani kabla sijaondoa vidole kwenye funguo alikuwa ameshaanzisha mwingine, nusu hatua juu ya ule wa kwanza. Makusudi kabisa.